Medali Niliyomvua Mama

Sogeeni karibu na jiko, na huyo mwenye redio aizime. Mtoto akilia, mama yake ampe titi. Nataka kimya, maana jambo hili nimelisema kwa watu watatu tu maishani mwangu, wote wametangulia, na sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Nilipokuwa mtoto, Kangemi haikuwa hii mnayoijua. Kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na mahindi na migomba, na ng'ombe wa wenye ardhi walipita mlangoni kwetu wakienda kunywa maji mtoni. Sisi tulipanga chumba kimoja cha udongo katika boma la Cucu Tereza. Cucu ni nyanya, yaani bibi, kwa Kikuyu, na kila mtu alimwita hivyo, hata baba yangu mwenye ndevu. Baba na mama walitoka kwetu Kakamega mwaka waliooana. Baba alishuka kila asubuhi kwa miguu mpaka River Road, mjini, kubeba mabati na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi. Mama aliuza mboga sokoni. Mimi Perpetua ndiye niliyekuwa kifungua mimba. Baada yangu walizaliwa wawili wakafa, kisha akaja Linusi, ambaye siku hizo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Watu wa boma letu waliishi na medali ya Mama Maria, kile kibati kidogo cha kuvaa shingoni, kama vile wengine wanavyoishi na kufuli. Mtoto mchanga alifungiwa medali kwa pini kwenye fulana, ili jicho baya likimwangalia liteleze. Mgonjwa aliloweshewa medali katika kikombe cha maji akanywa yale maji. Cucu Tereza alikuwa amezika moja kwenye kona ya shamba lake la viazi, na wezi wa viazi walikwenda kwa jirani. Lakini lililokuwa kubwa kupita yote ni hili: mtu akifa na medali shingoni, moto wa toharani, kule roho zinakotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, haumgusi.

"Malaika akikuja, anaangalia shingo kwanza," Cucu alituambia huku anachambua maharagwe. "Akiona alama ya Mama Maria, anasema huyu apite. Akikosa, anasema huyu akangoje."

"Angoje wapi, Cucu?"

"Kwa moto."

"Mpaka lini?"

Akatupa kijiwe alichokitoa kwenye maharagwe. "Hiyo Mungu hajaambia mtu."

Mama alikuwa na medali yake tangu ubatizo, ndogo, nyepesi, imelika upande mmoja mpaka uso wa Bikira ukabaki kama wa mtu aliye nyuma ya moshi. Aliivaa kwa uzi wa buluu. Baba alikuwa wa dhehebu lingine la kwetu, lile la watu wanaokaa kimya wakimngoja Roho bila padre wala sanamu, naye alipenda kumchokoza.

"Hicho ni kipande cha sufuria," alimwambia. "Siku moja nitampa fundi azibe nacho birika letu linalovuja."

"Aanze na mdomo wako," mama alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Mwaka huo nilikuwa katika mafundisho ya komunyo ya kwanza. Katekista akatuambia kwamba Jumamosi padre atabariki medali, kila mtoto aje na yake. Mimi sikuwa nayo. Mama alisema atamwagizia shangazi nyumbani, lakini shangazi alikuwa Kakamega na Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Kulikuwa na msichana mmoja, Maselina, ambaye aliniambia mbele ya wenzake, "Perpetua yeye atabarikiwa shingo tupu, kama kuku anayengoja kisu." Walicheka mpaka njia panda. Leo hilo ni neno la kitoto tu. Lakini wakati ule lilinikaa tumboni siku mbili.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua kubwa, na mama alikuwa ameshikwa na kichomi. Alikohoa siku nne huku amejishika ubavu. Alfajiri ya Jumamosi, baba ameshaondoka, mama alipitiwa na usingizi akiwa ameketi, kichwa ukutani. Nikafungua fundo la uzi polepole, nikamvua. Shingo yake ilikuwa moto. Alifumbua macho nusu akasema, "Perpetua, mtoto amekula?" Nikasema amekula. Akafumba tena.

Nilijiambia ni ya asubuhi moja tu.

Medali ilibarikiwa. Padre alininyunyizia maji pamoja na wengine, nikamtazama Maselina. Baada ya hapo ningerudi nyumbani, lakini nilibaki uwanjani kuruka kamba, kwa sababu siku hiyo nilikuwa mtu na nilitaka nionekane. Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Majirani walikuwa wamempakia mama kwenye mkokoteni wa mboga mpaka barabara kuu, wakapata gari la kumfikisha hospitali.

Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini. Jumapili jioni baba alikuja kubadilisha shati. Medali ilikuwa chini ya gauni langu, inanigusa kifua. Neno lilikuwa moja tu: baba, mpelekee hii. Alikaa kitandani akifunga kamba za viatu, kiatu kimoja, kisha cha pili, akanifundisha jinsi ya kumfunika Linusi, na mimi nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Niliogopa kuchapwa. Sikuogopa kitu kingine chochote.

Jumatatu asubuhi mama akafa.

Baba alirudi na nguo zake katika leso. Wanawake walikuwa wameshajaa chumbani. Cucu Tereza akafungua leso, akatoa gauni, akatoa kitana, akaikung'uta ile leso.

"Na medali?"

"Medali gani?" baba akauliza.

"Ile ya shingo. Alikufa nayo?"

Baba akaitazama ile leso. Alikuwa anajaribu kukumbuka shingo ya mkewe. "Sikuiona," akasema.

Cucu akakaa chini taratibu. "Basi amekwenda hivyo hivyo," akasema. "Tutamwombea sana."

Ningesema wakati ule. Badala yake nikamchukua Linusi, nikatoka nje.

Baba, yeye aliyekiita kipande cha sufuria, ndiye aliyewaka. Alirudi hospitali siku ile ile akamkuta mwanamke aliyekuwa akihudumia wodi, yule aliyemsafisha mama na kumfunga shuka, jina lake Sabina. Akamwita mwizi wa maiti mbele ya wagonjwa na wageni wao. Walimtoa nje kwa nguvu. Nyumbani alilirudia jina hilo miezi mingi, Sabina, Sabina, kama mtu anayetafuna mchanga. Na mimi nilikuwa hapo, napepeta mahindi.

Hatukuweza kumsafirisha mama hadi Kakamega. Tulimzika kwenye makaburi ya Lang'ata, kwenye udongo mwekundu uliolowa. Nilikuja na medali kiganjani ili niitupe kaburini pamoja na ule udongo wa kuaga, imfikie. Lakini Cucu Tereza alinishika mkono tangu tulipoingia, na ni mkono uleule.

"Mbona umekunja ngumi?" akaniuliza.

"Baridi, Cucu."

Akaifunika ngumi yangu kwa mikono yake miwili, akaipasha joto mpaka kaburi likajaa.

Ninyi mmesoma, mtasema hayo ni mambo ya kitoto. Mimi nawaambia sijapata kuwa na uhakika wa jambo lolote kama nilivyokuwa na uhakika wa moto ule. Nilimwona malaika akiangalia shingo ya mama, akimpeleka upande mwingine. Siku moja niliweka kidole kwenye ukingo wa jiko la makaa ili nijue anachokisikia. Sikufika kuhesabu tatu. Kidole kilitoa lengelenge, nikafurahi kwamba kiliuma, kisha nikalia kwa sababu mimi nilitoa kidole na yeye hawezi. Medali niliificha katika tundu la ukuta, nyuma ya kitanda. Mafundisho niliyaacha. Baba alidhani ni kwa sababu ya kulea Linusi, na kweli Linusi nilikuwa nimeanza kumlea.

Ikafika mwezi wa kumi na moja. Hapo ndipo Cucu aliponieleza juu ya rehema za Siku ya Marehemu. Mtu akiingia kanisani siku hiyo, akasema Baba Yetu sita, Salamu Maria sita na Atukuzwe sita kwa nia ya Baba Mtakatifu, roho moja inatolewa toharani. Akitoka nje, miguu yote miwili ikavuka kizingiti, kisha akaingia tena na kusali tena, inatolewa nyingine. Hivyo wanawake wa zamani walishinda kutwa wakiingia na kutoka, kama nyuki mlangoni mwa mzinga.

Padre wetu alikuwa kijana, mweusi kama sisi, na Jumapili iliyotangulia alitangaza kwamba Roma imebadilisha. Sasa rehema kamili ni moja tu kwa siku, basi watu waingie mara moja, wasali vizuri, waende nyumbani. Cucu hakumjali. "Yeye amezaliwa juzi," alisema. "Watu wangu wako kwa huo moto kabla baba yake hajatahiriwa."

"Nikimtolea mtu mmoja, Cucu," nikauliza, "nitajuaje ametoka?"

"Hujui. Unaendelea."

Siku yenyewe nilimbeba Linusi mgongoni, medali nimeifunga kwenye pindo la gauni, tukafika kanisani kabla ya misa ya kwanza. Misa ilipokwisha wanawake wanane au tisa wakaanza kuingia na kutoka, na mimi nyuma yao. Nilisali kwa haraka, nikatoka, nikakanyaga kokoto za nje kwa miguu yote miwili, nikaingia. Kila mara nilimtaja mama kwa jina lake lote, la ubatizo na la nyumbani, nisije nikamtoa mtu mwingine kwa makosa. Mvua ilianza. Linusi alilala, akaamka, akalia njaa, mama mmoja akampa kipande cha muhogo. Maselina alipita na ndugu zake akasema, "Tazama, Perpetua anapangusa mlango kwa miguu." Sikumjibu. Sikuwa na nafasi. Kichwani nilimwona mama akivutwa kidogo kidogo, kama ndoo kutoka kisimani, na nilijua nikipumzika kamba itateleza.

Ilipokuwa kama saa tisa, Cucu akaketi kwenye benchi kujikanda magoti. Akanitazama.

"Wewe mtoto umeungama lini?"

"Bado, Cucu. Sijapata komunyo ya kwanza."

Uso wake ukabadilika. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anasikitika kweli. "Ai, mwana. Bila kuungama na bila komunyo, rehema haishiki. Hiyo yote umefanya tangu asubuhi ni kutembea tu."

Sijui niwaelezeje. Nilihisi kamba yote imenitoka mkononi, nikasikia ndoo ikianguka huko chini. Nilimweka Linusi mapajani mwa Cucu, nikaenda moja kwa moja penye kiti cha kuungama, nikawapita watu wazima waliokuwa wamepanga foleni. Mzee mmoja akasema, "Huyu naye ameua nani?" Nikapiga magoti.

Padre akaanza maneno ya kuanzia. Mimi nikamkatiza. "Nimemwibia mama yangu mbingu, padre."

Padre akasema, "Sema polepole." Nikasema yote, tangu uzi wa buluu mpaka miguu yangu iliyokuwa inatoka damu. Sikuwahi kumwona mtu mzima akimsikiliza mtoto hivyo. Aliniuliza kama nimewahi kuvunja chungu cha mama. Nikasema ndiyo, cha maji. Je, alikusamehe? Alinisamehe. Na vigae?

"Vilikuwa chini," nikasema. "Nilivizoa mimi. Na maji nikaenda kuteka mengine."

"Basi toharani ndiyo huko kuzoa vigae baada ya kusamehewa," akasema. "Na rehema ni jirani anapokuja na ufagio wake akakusaidia. Mungu habani watu kwenye mlango akiangalia shingo. Medali ni picha ya mama. Mtoto akipotewa na picha, hajapotewa na mama."

Alisema vizuri. Mpaka leo sijasikia aliyelieleza vizuri kumpita. Lakini nawaambia ukweli, sikumwamini. Niliwaza, huyu amezaliwa juzi.

"Malipizi yako si sala," akamalizia. "Rudi nyumbani umwambie baba yako."

"Heri unipe sala, padre."

"Najua," akasema.

Nilimkuta baba amekaa nje, ananawa miguu. Nilifungua pindo la gauni nikaiweka medali juu ya jiwe, kando ya sabuni. Nikamwambia. Nilingoja kofi, na nilikuwa nalitaka. Baba aliitazama medali muda mrefu, maji yakipoa kwenye karai.

"Kwa hiyo yule mwanamke," akasema. "Nilimtukana bure."

Hakusema neno lingine mpaka Jumamosi. Jumamosi alichuma avokado za Cucu kikapu kimoja, kwa ruhusa yake, akanishika mkono, tukaenda hospitali. Tulisimama getini mpaka zamu ilipobadilika. Sabina alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mguu mmoja unaoburuta. Alipomwona baba akasimama mbali.

"Mtu wa kelele amerudi," akasema.

"Nimerudi kujitukana mwenyewe," baba akamjibu. Akamweleza yote mbele ya askari wa geti, bila kunificha na bila kujificha.

Sabina akatazama kile kikapu. "Unajua tangu siku ile napekuliwa? Kila jioni, begi langu pekee. Miezi saba. Wenzangu wanapita, mimi nafungua begi. Leo unaniletea avokado."

Baba akaweka kikapu chini. Mimi ndipo nilipoona vigae, wanangu. Vilikuwa pale chini vyote, na sikuwa nimevijua.

Nikamwuliza swali nililokuja nalo. "Mama aliitafuta?"

Alinitazama kwanza, kama anayepima mzigo na mbebaji. "Sitakudanganya. Aliitafuta. Siku ya kwanza alipapasa shingo akasema labda uzi umekatika. Siku ya pili hakupapasa tena. Aliuliza tu, mtoto amekula? Mtoto amekula? Mpaka nikachoka. Mwisho nikamwambia amekula, mama, ameshiba, na mimi hata sikujua ni mtoto gani. Akanyamaza hapo. Hakuuliza tena."

Siku ile ya Jumatatu asubuhi nilikuwa nimempikia Linusi uji. Hilo nalijua.

Baba akatoa medali mfukoni akaiweka mkononi mwangu. "Hii ni ya mama yako," akasema. "Mimi sina la kusema juu yake." Basi nikampa Sabina. Vidole havikutaka, lakini nilimpa.

"Mimi hata si mtu wa kanisa lenu," akasema. "Na sasa wakinipekua si ndiyo wataikuta kweli?" Akaanza kucheka, akashindwa kuacha, akajifuta macho kwa kiganja. Baba akaingia ndani kumtafuta msimamizi wa wodi. Alikaa huko kitambo kirefu. Alipotoka, jasho lilikuwa limemlowesha shati, na Sabina hakufungua begi jioni ile.

Msidhani nilipona siku hiyo. Miaka mingi nilipopika nikaunguzwa na mvuke, mama alinijia. Mpaka leo Siku ya Marehemu naingia kanisani mara moja, kama padre alivyosema, nasali, natoka, na miguu yangu bado inataka kurudi. Kama kuna malaika anayeangalia shingo, sijui. Ninachojua ni kwamba nilitumia kutwa nzima kumtoa mama kwenye moto ambao hakuna aliyeuona, na wakati huohuo mwanamke aliye hai alikuwa anafungua begi getini kwa sababu yangu. Jambo tulilokwenda kulifanya pale getini padre angeliita malipizi. Mimi sikusoma, naliita kuzoa.

Cucu Tereza alipofariki, boma liligawanywa kwa wanawe, na rozari yake ya mbegu akaniachia mimi. Koti la baba alilirithi Linusi, pamoja na ule ukimya wake. Medali ilikaa kwa Sabina, akaivaa bintiye siku ya harusi, ingawa hata yeye si wa kanisa letu. Na mama, ambaye hakuwa na shamba wala ng'ombe, aliniachia Linusi, nikamlisha mpaka akaota ndevu.